Barua ya Mwaka Mmoja: Mkimbiaji, Chuo cha Marekani na Ufadhili Uliokatika

Majina, chuo, jimbo na miaka vimeondolewa, na mambo machache madogo yamegeuzwa ili mhusika asitambulike. Tutamwita C. Kilichobaki kinaihusu familia yoyote ya Iten (Kenya), Arusha (Tanzania) au Kapchorwa (Uganda) ambayo mtoto wao ametumiwa ujumbe na kocha wa chuo cha Marekani. Kisa kilikwisha kabla ya Agosti 2024, wakati sheria moja muhimu ilipobadilika. Nitaifikia sheria hiyo mwishoni, kwa sababu wapo watakaosoma haya na kusema mambo hayo yamepitwa na wakati. Hayajapitwa.

## Usuli

C. ni mtoto wa tatu katika boma la wakulima wa mahindi, Bonde la Ufa. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, alipata B-, alama inayotosha kuingia chuo kikuu nchini Kenya, ambako kiwango cha chini ni C+. Hakwenda. Alikuwa ameanza kushinda mbio za nyika za shule, na kocha wa kambi moja karibu na Iten akamwomba baba yake ampe miaka miwili. Ikawa karibu mitatu. Katika muda huo alisafiri Ulaya mara mbili kukimbia mbio za barabarani, akarudi na pesa ambazo, meneja akishakata chake na tiketi ikishalipwa, zilimlipia mdogo wake karo ya mwaka. Kambini, wasichana wenye kasi kumzidi walikuwa wengi. Hilo alilitambua mapema kuliko baba yake, na ndilo lililomfanya aanze kuulizia masomo.

Njia aliyoitafuta ina umri. Samson Kimobwa na Henry Rono walikuwa wanafunzi wa Washington State University walipovunja rekodi za dunia. Rono peke yake alivunja nne ndani ya siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alikuwa University of Texas at El Paso. Seoul 1988, Peter Rono alishinda mita 1,500 na Paul Ereng mita 800, wote wawili wakiwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Kijijini historia hii yote husimuliwa kwa maneno matatu: fulani aliitwa Amerika. Na aliyeitwa huhesabiwa kuwa ameshafika.

Kisichosimuliwa ni sababu ya kuitwa. Chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, kina madaraja matatu. La kwanza na la pili hutoa ufadhili wa michezo, la tatu halitoi kabisa. Kwa kanuni za wakati huo, timu ya wanawake ya riadha na mbio za nyika katika daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili usiozidi 18, na ya wanaume 12.6, wa kugawanywa kati ya wakimbiaji wa mita 100, warusha mkuki, waruka juu na wengine wote. Vyuo vidogo havikuwa na pesa ya kujaza hata hizo. Sasa fikiri kama kocha mwenye bajeti finyu. Katika mbio za nyika wanakimbia saba na wanaohesabiwa ni watano tu. Katika mashindano ya ligi, mshindi wa kila mbio huipa timu alama 10, wa pili 8, hadi wa nane anayeleta 1. Msichana mmoja aliyetoka mwinuko wa mita 2,400 anaweza kukimbia 10,000 na 5,000 katika wikendi ileile na kuleta alama 20 peke yake. Hesabu hiyo ndiyo inayomtoa kocha Marekani hadi Iten. Sioni ubaya wowote ndani yake, mradi familia nayo iijue.

## Mambo yalivyokwenda

Ujumbe wa kwanza ulikuja kwa WhatsApp kutoka kwa kocha mkuu wa chuo kidogo cha daraja la kwanza. Kati yake na familia alikuwepo broka, kijana wa mjini aliyewahi kusoma nje mwaka mmoja, na huyo alitaka shilingi laki moja na nusu "za kushughulikia". Baba akakopa sacco. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba kocha hakujua habari za malipo hayo, na kwamba kazi aliyoifanya broka, yaani kujaza fomu za kituo cha NCAA cha kuhakiki wanafunzi, C. angeweza kuifanya mwenyewe kwenye simu.

Barua ya chuo ilipofika ilisomwa sebuleni, na aliyeitafsiri ni huyohuyo broka. Ilisema chuo kitalipa karo, chumba, chakula na vitabu kwa mwaka mmoja wa masomo. Broka akatafsiri: "Wamelipa yote." Maneno "mwaka mmoja" hakuyaacha kwa hila, nadhani. Naye aliamini kwamba anayekimbia vizuri huongezewa bila kuuliza.

Tatizo la kwanza lilitokea hata kabla ya viza. Kwa kanuni za wakati huo, NCAA ilimpa mtu mwaka mmoja tu wa neema baada ya kumaliza sekondari. Akiendelea kushindana katika mashindano rasmi baada ya hapo bila kujiunga na chuo, alipoteza msimu kwa kila mwaka alioshindana, na mbio za barabarani nazo zilihesabiwa. Broka alimshauri aandike kwamba tangu shule amekuwa nyumbani akimsaidia mama. C. aliandika jina lake kwenye Google, akaona matokeo yake ya Ulaya, saa, dakika na sekunde. Akayaeleza yote kwenye fomu, na tiketi na malipo akayataja. Uamuzi ulipotoka ulikuwa mchungu kiasi: alipoteza msimu mmoja, na mwaka wake wa kwanza chuoni angefanya mazoezi na timu lakini asishindane. Kocha alikasirika. Hata hivyo alimchukua, kwa kuwa misimu mitatu iliyobaki ilimtosha.

Mwaka huo wa kukaa bila kushindana ndio uliokuja kumwokoa, ingawa wakati huo hakuna aliyeona hivyo. Mshauri wa masomo wa idara ya michezo alimpangia kozi za jumla, nyepesi, zenye vipindi vya asubuhi. C. alitaka uuguzi. Maabara za kemia na anatomia zilikuwa mchana, saa za mazoezi, na kwa mwanariadha anayesafiri kila wikendi ya tatu zingekuwa balaa. Kwa kuwa hasafiri, alizisisitizia akazichukua, akawa anafanya mazoezi peke yake alfajiri siku za maabara. Alimaliza mwaka na wastani wa 3.4 kati ya 4.

Pesa ndizo zilizomshtua. Muhula wa kwanza haujaisha, akaunti yake ya chuo ilionyesha deni. Sheria ya kodi ya Marekani husamehe sehemu ya ufadhili inayolipa karo na vitabu, lakini sehemu inayolipia chumba na chakula hutozwa kodi, na kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 kwa kawaida hukatwa asilimia 14. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato wa kumpunguzia. Chumba na chakula vya dola 11,000 vilimzalia kodi ya dola 1,540. Bima ya afya, ambayo chuo kilimlazimisha kuwa nayo, haikuwa ndani ya ufadhili pia. Akapata kazi maktaba. Viza inaruhusu kazi ndani ya chuo isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na ujira wa miezi ya mwanzo wote ulikwenda kwenye deni hilo. Nyumbani walikuwa wakisubiri sacco ianze kulipwa. Baba aliuliza kwa simu, "Si mlisema imelipiwa yote?" Yeye akajibu kwamba atatuma mwezi ujao.

Mwaka wa pili alianza kukimbia. Huku kwetu tumezoea mkimbiaji mwenye msimu wake na mapumziko yake. Chuoni Marekani mkimbiaji wa masafa marefu ana misimu mitatu mfululizo: nyika kuanzia Septemba hadi Novemba, ukumbini Januari hadi Machi, uwanjani Machi hadi Juni. C. alikimbia yote mitatu. Kanuni inaweka kikomo cha saa 20 za mazoezi kwa wiki, ila siku ya mashindano huhesabiwa saa tatu tu hata ikichukua siku nzima, na safari ya basi haihesabiwi kabisa. Akirudi kutoka maabara jioni alikuta kantini imefungwa. Chakula chake cha usiku kilikuwa mkate na chai.

Februari mfupa wa muundi wa kushoto ulianza kuuma. Akapewa barafu na vidonge. Mei, kwenye ubingwa wa ligi, alikimbia 10,000 akawa wa tatu, na siku mbili baadaye akakimbia 5,000 akawa wa tano. Alama zake zilikuwa 10, nyingi kuliko za msichana mwingine yeyote kwenye timu. Muda wake ulimwingiza katika mchujo wa kanda, ambapo wanakimbia 48 kwa kila mbio na 12 wa kwanza ndio wanaokwenda fainali ya taifa. Alimaliza akichechemea, nje ya hao 12. Wiki iliyofuata picha ya MRI ilionyesha ufa kwenye mfupa, na vipimo vya damu vikaonyesha akiba ya chuma iliyokaribia kwisha. Daktari wa kike alipomwuliza, ndipo aliposema kwamba alikuwa hajaona siku zake kwa miezi mingi. Hakuwa amemwambia mtu. Kambini, wasichana walichukulia hiyo kuwa dalili kwamba mazoezi yameiva.

Kocha mkuu hakuwepo tena kuyasikia hayo. Mwanzoni mwa Juni aliondoka kwenda chuo kikubwa zaidi. Kocha mpya alipiga simu moja ya adabu, na siku chache kabla ya Julai 1, tarehe ya mwisho ambayo kanuni inakitaka chuo kiwe kimemjulisha mwanafunzi kwa maandishi, barua ikaja. Ufadhili hautaongezwa.

## Maamuzi na sababu zake

Faili la C. lilinifikia mimi kama mshauri wakati huo, kupitia mwalimu wake wa zamani. C. alikuwa na njia nne mezani, na alikuwa ameshaanza kuielekea mbaya kuliko zote kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Mama mdogo wake anaishi katika jimbo lenye Wakenya wengi, anafanya kazi ya kutunza wazee. Alimwambia, kwa upendo kabisa, "Njoo kwangu, mwanangu, kazi ipo, karatasi tutaazima za mtu." Pesa ya miezi miwili ingelimaliza deni la sacco. Lakini siku anapoacha masomo viza yake ya F-1 inakufa, na aliyefanya kazi kwa karatasi za mwingine hujifungia mlango wa leseni ya uuguzi. Hayo tulimwekea wazi bila kumhubiria, kwa sababu mtu mwenye deni hahitaji mahubiri. Kilichomgeuza ni jambo dogo zaidi: alitambua kwamba akienda njia hiyo hangeweza kurudi kumwona mama yake na kutoka tena.

Kurudi nyumbani kulikataliwa na C. mwenyewe. Alikuwa na krediti za miaka miwili na deni, na chuo cha Kenya kingemwanzisha upya.

Alikata rufaa. Wanafunzi wengi hawajui kwamba ufadhili ukipunguzwa au kutoongezwa, chuo kina wajibu wa kumpa nafasi ya kusikilizwa, na wanaosikiliza hawatoki idara ya michezo. Alipeleka alama zake, picha ya MRI na ripoti ya daktari. Hatukutarajia kushinda. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja na mwaka ulikuwa umekwisha, na chuo hicho hakikuwa katika zile ligi tano kubwa ambazo tangu 2015 zilijizuia kumwondolea mtu ufadhili kwa sababu ya kiwango chake cha michezo. Lengo lilikuwa kupata muda, na mashahidi.

Wakati huohuo aliingiza jina lake kwenye orodha ya wanaohama. Alipata majibu matatu. La kuvutia zaidi lilitoka chuo cha daraja la kwanza chenye jina kubwa, ila lilimpa karo pekee na hakikuwa na uuguzi. Alichagua chuo cha daraja la pili ambacho nyumbani hakuna aliyekuwa amekisikia. Kilimpa kiasi cha asilimia 60 ya gharama, kilikuwa na shule ya uuguzi yenye hospitali jirani, na kocha wake, mwanamke, katika simu ya kwanza aliulizia akiba ya chuma kabla ya kuulizia muda wa 10,000. Baba alisononeka kwamba binti ameshushwa daraja. Mama aliuliza kama mguu unapona.

## Matokeo

Rufaa ilishindwa, kwa nusu. Kamati haikurudisha ufadhili wa michezo, lakini ofisi ya wanafunzi wa kigeni, iliyoitwa kutoa maelezo, ilimtafutia punguzo la karo la muhula mmoja kwa sababu ya alama zake. Muhula huo ulimweka ndani ya viza akitibiwa mguu, na kumpa nafasi ya kuhamisha rekodi yake bila haraka.

Chuo kipya kilizikubali kozi zake zote za sayansi na kuzikataa karibu zote za jumla alizopangiwa na idara ya michezo. Alihitaji mwaka wa ziada. Alikimbia nyika misimu miwili na uwanjani msimu mmoja, na muda wake wa 10,000 wa chuo cha kwanza hakuufikia tena. Zamu za hospitali zilipoanza saa kumi na mbili asubuhi, alikubaliana na kocha aache riadha ya uwanjani, na ufadhili wake ukapungua sawasawa na hilo. Mwaka wa mwisho hakukimbia. Pengo lilizibwa na chama cha wanawake wa kijijini, ujira wa maktaba, na mkopo wa benki ambao mjomba mwenye uraia wa Marekani aliudhamini. Bila mdhamini wa namna hiyo, mwanafunzi wa kigeni huwa hapati mkopo wa maana huko.

Alihitimu shahada ya uuguzi, akafaulu mtihani wa leseni, NCLEX, na akaanza kazi kwa ruhusa ya miezi 12 ambayo mhitimu wa F-1 hupewa. Uuguzi kwa kawaida hauhesabiwi katika fani za sayansi na teknolojia zinazoongezewa miezi 24, kwa hiyo kubaki kwake kulitegemea mwajiri kumwombea. Mwajiri alianza maombi. Sacco ililipwa mwishowe, pamoja na riba.

## Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki hutafuta mwovu, na kwa kawaida humpata katika kocha wa kwanza. Sikubaliani. Mkataba wake mwenyewe ulipimwa kwa alama zilezile alizozitafuta kwenye mguu wa C. Alifanya alichoajiriwa kufanya, akaenda palipolipa zaidi. Hitilafu ilikuwa kwamba kila alichoahidi zaidi ya mwaka mmoja kilikuwa chake binafsi, kwa WhatsApp, na alipoondoka aliondoka nacho. Familia ilikuwa na mkataba na chuo ikadhani ina mkataba na mtu.

Barua ile ilikuwa ya kurasa mbili. Palihitajika swali moja tu sebuleni: mwaka ambao hataweza kukimbia, nani atalipa? Likiulizwa hilo, mengine yangejitokeza yenyewe, muda wa mkataba, majeraha, kocha kuhama. Halikuulizwa kwa sababu kumwuliza mfadhili habari za ugonjwa kabla ya safari huonekana kama mkosi, au ukosefu wa shukrani. Nimeliona hilo kwa familia nyingi zilizosoma pia, siyo za wakulima pekee. Kwa desturi yetu, anayepewa hahoji. Ila hapa C. hakuwa anapewa. Alikuwa anauza kitu chenye bei, na mnunuzi alijua bei yake vizuri.

Broka naye hakuwa tapeli kamili, ndiyo maana ni vigumu kumkwepa. Tangu sakata la ufadhili wa Finland na Kanada lililowatoa wazazi barabarani Eldoret mwaka 2023, watu wameanza kuogopa kulipa. Hofu hiyo ina manufaa, lakini imewasukuma wengine kwa mabroka wadogo wanaofahamika, kwa kuwa huyu "ni mtoto wa fulani". Kufungua akaunti ya NCAA kuna ada yake, inayolipwa kwa NCAA yenyewe. Ada ya viza hulipwa kwa ubalozi, na ile ya mfumo wa wanafunzi wa kigeni kwa serikali ya Marekani. Kocha halipwi na mwanafunzi hata senti. Laki moja na nusu ilinunua tafsiri mbovu na ushauri wa kudanganya.

Ushauri huo ungemmaliza. Anayeficha mashindano hupatikana, maana matokeo ya mbio yapo mtandaoni na makocha wa vyuo pinzani ndio wa kwanza kuyatafuta. Angegunduliwa katikati ya mwaka wa pili angepoteza misimu yote kwa pamoja, na rufaa yake ingekuwa ya mtu aliyekwishaitwa mwongo. Ukweli ulimgharimu msimu mmoja na ukampa mwaka wa kemia na anatomia. Kozi zilezile ndizo chuo cha pili kilizozitambua. Ningethubutu kusema kwamba kila mkimbiaji wetu angefaa kukaa mwaka wa kwanza bila kushindana. Hakuna kocha atakayekubali, najua.

Suala la kozi linastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko majeraha. Kanuni ya NCAA inamtaka mwanariadha wa daraja la kwanza awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake anapoanza mwaka wa tatu, 60 anapoanza wa nne na 80 anapoanza wa tano. Imewekwa kwa nia njema, ili asiwe anakimbia bila kusoma. Lakini idara ya michezo huitimiza kwa njia rahisi: inamwelekeza kwenye shahada yenye masharti machache, ambayo asilimia zake hutimia haraka. Mwanafunzi anabaki halali kukimbia, na anahitimu na cheti ambacho nyumbani hakieleweki ni cha kazi gani. C. alikuwa na bahati ya kujua anachotaka kabla ya kupanda ndege. Asiyejua hupangiwa.

Historia inatoa mifano miwili iliyo karibu. Henry Rono, pamoja na rekodi zake nne, alipambana na ulevi na umaskini kwa miaka mingi baadaye, na alifariki Februari 2024. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 huko Munich 1972, aliutumia mwanya uleule wa vyuo vya Marekani kusoma hadi shahada ya uzamivu, akawa profesa Kenyatta University. Mwaka 2004, yeye na mwandishi John Manners walianzisha KenSAP, mradi unaowapeleka vijana wa Bonde la Ufa kwenye vyuo bora vya Marekani kwa nguvu ya alama zao za darasani. Sidai Boit alikuwa na akili kumzidi Rono. Rono alikuwa na thamani kubwa mno uwanjani, na mtu wa thamani hiyo hakuna anayemharakisha kwenda maabara.

Kuhusu mwili, lawama zinagawanyika. Mhudumu wa timu alipaswa kushuku mfupa tangu Februari. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikionya rasmi tangu 2014 juu ya wanariadha wanaotumia nguvu nyingi kuliko wanazokula, na kukosa siku za mwezi ni mojawapo ya dalili za mwanzo. Lakini C. pia alinyamaza, na ukimya huo alitoka nao kambini. Makocha wa kambi zetu ni wanaume karibu wote, na binti wa miaka 19 hamwambii mwanamume wa rika la baba yake mambo hayo. Chuo cha pili kilifanikiwa kwa jambo la kawaida kabisa: kocha mwanamke aliyeuliza, na sahani ya chakula iliyowekwa kando jikoni hadi atoke maabara.

Pale tulipokosea sote, familia na washauri, ni kwenye pesa za kutuma. Hakuna aliyewaambia wazazi kabla ya safari kwamba mwaka wa kwanza mtoto atadaiwa. Kodi ya asilimia 14 si siri, imeandikwa kwenye kurasa za ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chochote. Lau baba angeijua, asingekopa kwa hesabu ya kulipwa baada ya miezi sita, na C. asingekula mkate na chai ili atume dola 60.

## Kilichobadilika

Tangu Agosti 2024, vyuo vyote vya daraja la kwanza vimezuiwa kupunguza au kukata ufadhili kwa sababu za kimichezo, na vinatakiwa kugharimia matibabu ya majeraha ya michezo hadi angalau miaka miwili baada ya mwanafunzi kuondoka. Barua kama ya C. isingeandikwa leo kwa maneno yaleyale.

Ila Juni 2025 mahakama ya Marekani iliidhinisha maafikiano ya kesi inayoitwa House, kati ya wanariadha na NCAA, na mchezo ukageuka tena. Vyuo vilivyojiunga sasa vinaweza kuwalipa wanariadha moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa inakwenda kwa futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu. Kwa vyuo hivyo ukomo wa idadi ya ufadhili umeondolewa, na mahali pake pamewekwa ukomo wa idadi ya wachezaji: 17 kwa mbio za nyika, 45 kwa riadha. Kocha anaweza kuwafadhili wote 17 akipata pesa. Anaweza pia kuwaacha nje wale ambao hawajapona. Kukatwa ufadhili na kutolewa kwenye orodha ya timu ni vitu viwili tofauti, na barua nyingi zinazoletwa kwangu sasa zinaeleza cha kwanza na kunyamaza juu ya cha pili. Familia iandike kwa kocha iulize, na jibu lije kwa barua pepe ya chuo, siyo kwa WhatsApp: akiumia, jina lake linabaki kwenye orodha, na likitoka, ufadhili unaendelea hadi lini?

Na akiahidiwa malipo juu ya ufadhili, asitie saini kabla ya kupita ofisi ya wanafunzi wa kigeni. F-1 hairuhusu kazi nje ya chuo bila kibali, na pesa ambayo Mmarekani wa timu hiyohiyo anaipokea bila wasiwasi inaweza kumpotezea Mkenya viza yake.